Wakandaji wa London

Kiangazi cha 1894, jarida la madaktari wa Uingereza lilizua kizaazaa: liliandika kwamba baadhi ya nyumba za masaji jijini London zilikuwa madanguro. Wauguzi waliokuwa wakikanda wagonjwa kihalali wakajikuta wananyooshewa vidole.

Wanne kati yao, akiwemo Rosalind Paget, mkunga, wakaunda chama mwaka huohuo. Masharti yake yalikuwa makali: kukanda kwa agizo la daktari tu, kutojitangaza magazetini, na kutomkanda mwanamume ila daktari aagize mahususi. Hayo yalikuwa ya kulinda jina zaidi ya kutibu, lakini yalifanya kazi.

Vita vya 1914 vikaleta majeruhi kwa maelfu, na sharti la wanaume likapwaya lenyewe. Goti lililokakamaa baada ya kufungwa muda mrefu lilikandwa, likakunjwa taratibu, kisha misuli ya paja ikapewa mazoezi. Pengine ilishtuliwa kwa umeme. Mwanasoka aliyepasuliwa goti leo angezitambua hatua hizo, umeme ukiwemo.

Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na mazoezi ya tiba yakaingia kwenye jina lake kando ya masaji. Neno fiziotherapia lilisubiri hadi 1944.