Historia ya manivele: kwa nini kipande kipya kinakataa kuingia katika kinga ya zamani

Kisangani, kinga hubeba abiria kwa jina la toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Kivu hubeba ndizi, makaa na bidoni za maji, na siku ya kukimbia vita hubeba godoro, sufuria na mtoto juu yake. Kwa familia iliyohama, mara nyingi kinga ndiyo mali pekee inayoweza kuingiza franga kidogo nyumbani. Ndiyo maana manivele ikivunjika au ikianza kucheza, hasara ni ya nyumba nzima. Manivele ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Wengi hununua mpya sokoni, wakifika kwa fundi wanaambiwa haiingii. Sababu yake ni ya zamani.

Katika miaka ya 1860, mjini Paris, karakana ya familia ya Michaux ilitengeneza kinga zenye pedali kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Hazikuwa na shene. Mwaka 1885, huko Coventry nchini Uingereza, John Kemp Starley alitoa kinga iliyoitwa Rover. Pedali zilikaa katikati, na shene ikavuta gurudumu la nyuma. Karibu kinga zote za leo zimefuata umbo hilo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo huko Belfast. Kiu ya mpira iliyofuata inajulikana vizuri hapa kwetu: katika Congo ya Mfalme Leopold II, watu walilazimishwa kuuvuna porini, na wengi walikufa.

Pedali zilipohamia katikati, lilizuka swali moja: manivele ishikwe namna gani kwenye mhimili unaozunguka ndani ya fremu? Jibu lililoenea zaidi lilikuwa klaveti. Hiki ni kipande kidogo cha chuma cha mviringo, ambacho ubavu wake mmoja umekatwa kwa mteremko. Kinapita katika tundu la manivele, ule mteremko unakaba sehemu bapa iliyochongwa kwenye mhimili, kisha nati inakizuia kisirudi. Klaveti ni ya bei ndogo, na nyundo inatosha kuiweka. Raleigh wa Nottingham waliitumia kwa miaka mingi, na kinga nzito za China na India zikaendelea nayo. Ndiyo inayoonekana kwenye kinga nyingi za mizigo katika barabara zetu.

Mwaka 1933, kampuni ya Stronglight ya Saint-Étienne, Ufaransa, ilileta njia nyingine. Ncha ya mhimili ilichongwa pembe nne, ikiwa nyembamba kidogo kuelekea mwisho. Manivele ya alumini yenye tundu la pembe nne ilisukumwa juu yake na kubanwa kwa bulo. Klaveti haikuhitajika tena, na uzito ulipungua. Kinga za mashindano ziliifuata njia hiyo, kisha nyingine nyingi.

Tatizo ni kwamba kila nchi ilishika kipimo chake. Tundu la pedali la Mfaransa lilikuwa na upana wa milimita 14. La Mwingereza ni inchi 9/16, yaani karibu milimita 14.3. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini pedali ya Kiingereza ikilazimishwa katika manivele ya Kifaransa ya zamani, inakula hesi. Vikombe vinavyoshika mhimili ndani ya fremu navyo vilitofautiana: milimita 35 kwa Wafaransa, 36 kwa Waitalia, na kidogo chini ya 35 kwa Waingereza. Tena kikombe cha kulia cha Mwingereza hufungwa kwa kuzungusha kinyume, cha Mfaransa hapana. Hata Raleigh, walio Waingereza, walikata hesi 26 kwa inchi katika kinga zao nyingi, wakati wenzao walikata 24. Klaveti nazo hazilingani: Waingereza walipenda milimita 9.5, Wafaransa 9.

Historia hiyo yote inafika mikononi mwa fundi wa leo. Kwa kinga ya klaveti, kwanza apime klaveti ya zamani. Kabla ya kupiga nyundo, aweke bomba au gogo gumu chini ya manivele, ili pigo lisiumize gololi za ndani. Klaveti mbili zielekee pande tofauti; zikiwekwa vibaya, pedali hazitakaa mstari mmoja. Nati si ya kuvuta klaveti ndani: klaveti iingie kwanza kwa kupigwa au kubanwa, ndipo nati ifungwe. Baada ya safari ya kwanza, akaze tena.

Kwa manivele ya pembe nne, nyundo ikae mbali. Inatolewa kwa kifaa cha kuvuta kinachoingia kwenye hesi zake. Kile cha kawaida ni cha milimita 22, lakini Stronglight za zamani zinataka 23.35, na TA, nao Wafaransa, 23. Kifaa kisicholingana kitang'oa hesi, na kuitoa manivele kutakuwa kazi ngumu. Na mtu asiendeshe hata siku moja ikiwa imelegea: alumini ni laini kuliko chuma cha mhimili, tundu litapanuka, na hapo hakuna bulo litakaloishika tena.

Pedali ya kushoto, kwa kinga za kawaida, hufungwa kwa kuzungusha kinyume na saa. Anayesahau anaharibu hesi mpya siku ile ile.

Kwa hiyo, anayekwenda sokoni kutafuta manivele aende na ile iliyovunjika, pamoja na klaveti au bulo lake na pedali moja. Ailinganishe na mpya pale pale, ajaribu pedali kwa vidole bila ufunguo. Ikiingia mizunguko kadhaa bila nguvu, alipe. Ikikwama mwanzoni, airudishe kwa muuzaji na kutafuta nyingine, kwa maana fedha ya manivele isiyolingana ni fedha ya chakula cha watoto.