Kiwanda Mikononi mwa Mafundi

Tangu viwanda vilipoenea Ulaya, mwenye mtambo amekuwa mtu mmoja na mwenye jasho mtu mwingine, hata wengi wakadhani kuwa mgawanyo huo ni wa maumbile. Mafundi wa Mondragón, mji mdogo wa bondeni katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, waliukana kwa matendo.

Katika mwaka wa 1941 alipelekwa huko kasisi kijana, José María Arizmendiarrieta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla, na yeye alikuwa ameonja kifungo kwa sababu ya kuandika katika magazeti ya upande ulioshindwa. Mji ulitegemea kiwanda kikubwa cha chuma, ambacho shule yake ya ufundi ilipokea vijana wachache tu. Kasisi akachangisha wenyeji, na mwaka 1943 akafungua shule nyingine iliyokuwa wazi kwa wote. Wanafunzi wake walipokomaa katika kazi waliomba wafanyakazi wapewe sehemu katika umiliki wa kile kiwanda kikubwa. Walikataliwa. Mwaka 1956 watano miongoni mwao wakaanzisha kiwanda chao wenyewe, Ulgor, jina lililoundwa kwa herufi za majina yao, wakaunda majiko ya mafuta ya taa.

Ushirika huu usichanganywe na ule wa wakulima, kama Chama cha Ushirika cha Kilimanjaro cha mwaka 1933, ambao wanachama wake waliungana ili kuuza kahawa ya mashamba yao. Hapa kazi yenyewe ndiyo iliyompa mtu uanachama. Kila aliyeingia alitoa fungu la mtaji, na asiye na fedha alikatwa kidogo kidogo katika ujira. Kura ilikuwa moja kwa kila mtu, awe mhandisi au mfagizi, na mshahara wa juu kabisa haukuruhusiwa hapo mwanzo kupita mara tatu ya ule wa chini. Sehemu ya faida ilikwenda katika akiba ya pamoja, sehemu katika elimu na mambo ya mji. Iliyosalia iliandikwa katika hesabu ya kila mwanachama, naye hakuichukua mpaka aondoke. Kwa hiyo faida ilikaa kiwandani ikifanya kazi. Mwaka 1959 ikaongezwa benki, Caja Laboral, na akiba za wenyeji zikazaa viwanda vingine katika mabonde yale yale. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote: tajiri wa mbali huweza kuhamisha mtambo wake apendapo, lakini fundi mwenye kura hapigi kura ya kuuhama mji wake kwa wepesi.

Isidhaniwe kuwa palikuwa na amani daima. Mwaka 1974 wanachama wa Ulgor waligoma wakipinga namna kazi zao zilivyopangwa kwa madaraja, na viongozi wa mgomo wakafukuzwa na ushirika uliokuwa mali yao pia. Kumiliki kiwanda hakukuondoa ugomvi wa anayeamuru na anayeamriwa.

Jaribio zito likaja mwaka 2013. Fagor, mrithi wa Ulgor, kilielemewa na madeni baada ya Wahispania kuacha kujenga nyumba na kununua vyombo vya jikoni, na vyama wenzake vikakataa kuendelea kukikopesha. Kikafilisika. Wanachama wengi walipoteza fedha walizokuwa wamejiwekea kwa miaka, na uchungu wao haukuwa mdogo. Walakini wengi wao walihamishiwa katika viwanda ndugu au wakastaafishwa mapema, na bonde halikugeuka mahame. Lakini Fagor kilikuwa kimenunua viwanda Poland na Ufaransa, na maelfu ya wafanyakazi wake huko walikuwa vibarua tu. Hao hawakuwa na kura katika ushirika, wala hapakuwa na kiwanda ndugu cha kuwapokea.