Tangi la chuma huliwa pasipoonekana

Mtu wa pwani akitaka kulinda tangi la chuma, kwanza hununua rangi. Mimi husema rangi ya nje ni nusu ya kazi. Kikulacho ki nguoni mwako: matangi mengi hutobolewa kutoka ndani au chini, macho yasipofika.

Kutu huhitaji maji na oksijeni. Chumvi huiharakisha, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vyema, na kutu hutokana na umeme mdogo upitao ndani ya chuma chenyewe.

Nje: Kwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are. Kioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kikauke, kisha upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Rangi iliyopakwa juu ya chumvi hufura malengelenge na kubanduka.

Ndani: Dizeli huelea juu ya maji. Unyevu wa hewa hugeuka matone, hushuka na kutuama chini ya mafuta, na hapo huzaliana vijidudu vinavyotoa asidi. Tangi liinamishwe kidogo, liwe na koki upande wa chini, na maji yatolewe mara kwa mara. Tangi la maji ya kunywa lipakwe rangi iliyotengenezewa kazi hiyo, isiyo na risasi. Asiingie mtu ndani ya tangi la mafuta bila mafundi wenye vifaa. Mvuke wake huua.

Chini ya ardhi: Manahodha wanavijua vipande vya zinki kwenye meli za chuma. Zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Mwingereza Humphry Davy alionyesha kinga hii mwaka 1824 kwa meli zilizovikwa shaba. Kwa tangi lililofukiwa, mara nyingi hutumika magnesi. Kipande kikiisha, kinga nayo imekwisha, kibadilishwe mapema.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na wengi wetu bado twateka maji ya visima. Mafuta yakivuja, jirani anaweza kuyaonja kabla mwenye tangi hajajua. Basi mwenye tangi na apime mafuta yake kila siku kwa kijiti, alinganishe na aliyouza. Yakipungua bila sababu, asimamishe kazi, aite fundi na awaambie majirani.