Box Hill: kilima cha chaki kilichonunuliwa kisijengwe nyumba

Mwaka 1914, mwaka uleule Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, tajiri mmoja wa kaunti ya Surrey, kusini mwa Uingereza, alitoa pauni 16,000 akanunua ekari 230 za kilima. Hakutaka kulima wala kujenga, na uzio hakuweka. Leopold Salomons, ambaye makazi yake ya Norbury Park yalikuwa upande wa pili wa bonde, alikikabidhi kilima hicho kwa shirika la National Trust kiwe mali ya taifa. Ndicho Box Hill, kilichoko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya London, juu ya bonde la mto Mole.

Leo wazazi hupanda kilima hiki na watoto wao Jumamosi na Jumapili, mwaka mzima. Wengi huona kana kwamba kimekuwa wazi tangu dunia iumbwe. Sivyo. Kila kipande cha njia unayokanyaga pale kuna mtu aliyekilipia, aliyekipigania au aliyekitungia sheria, na wengi wa watu hao wamesahaulika.

Tuanze na ardhi yenyewe. Box Hill ni sehemu ya North Downs, safu ya vilima vya chaki inayotoka Surrey kwenda mashariki hadi kwenye majabali meupe ya Dover. Chaki hiyo ni mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, wasioonekana kwa macho, waliokufa na kurundikana chini ya bahari ya kale kwa mamilioni ya miaka. Mrundikano huo ulikoma miaka milioni 66 hivi iliyopita. Baadaye ardhi ikainuka na bahari ikaondoka. Ukiugusa mwamba huo mkono unabaki mweupe, kama wa mwalimu aliyetoka kufuta ubao. Ndani yake mna mawe ya gumegume, meusi na makali, ambayo watu wa zamani walichongea shoka na ambayo wajenzi wa Surrey wamejengea kuta kwa karne nyingi.

Maji ya mvua hayakai juu ya chaki, huzama. Hata mto Mole, ulioupasua mgongo wa vilima hivi ukitafuta njia ya kwenda kumwaga maji yake Thames, unaonja hali hiyo. Kati ya miji ya Dorking na Leatherhead kitanda chake kina mashimo yanayomeza maji, na katika kiangazi kikali sehemu ya mto hukauka kabisa huku maji yakiendelea na safari chini kwa chini. Jambo hili limewashangaza wasafiri kwa karne kadhaa. Daniel Defoe, mwandishi wa Robinson Crusoe, alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha safari za Uingereza cha miaka ya 1720.

Defoe huyohuyo ndiye anayetuonyesha kwamba watu walikuwa wakipanda Box Hill kujiburudisha miaka 300 iliyopita. Anasimulia kuhusu mti mkubwa uliokuwa juu ya kilima na pango lililochimbwa chini yake. Siku za Jumapili mabwana na mabibi waliofika Epsom kunywa maji ya chemchemi ya dawa walikuja hapo kutembea, na muuza mvinyo kutoka Dorking akawawekea vinywaji pangoni. Wenyeji walichukizwa na sherehe hizo za siku ya ibada. Basi usiku mmoja, kwa mujibu wa Defoe, vijana walililipua pango kwa baruti. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba ugomvi kuhusu nani anaruhusiwa kustarehe kilimani, na siku gani, ni mkongwe kuliko sheria yoyote ya njia za miguu.

Kilima kinaitwa kwa jina la mti wa box, mti mdogo wenye majani ya kijani mwaka mzima, unaoota kwa wingi kwenye mteremko mkali ulio juu ya mto. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Kabla ya picha za kamera kuenea magazetini, wachongaji wa picha za vitabu walizitafuta sana, kwa hiyo miti hiyo ilikatwa na kuuzwa. Iliyoko leo ni ile iliyochipua upya.

Halafu kuna kaburi. Juu ya kilima, kando ya njia, lipo jiwe la kumbukumbu ya Peter Labilliere, meja mstaafu wa askari wa majini aliyeishi Dorking. Alifariki Juni 1800, na kwa wosia wake akazikwa wima, kichwa chini na miguu juu. Sababu aliyoitoa ni kwamba dunia imepinduka, na siku itakapogeuzwa sawasawa yeye ndiye atakayejikuta amesimama vizuri. Inasimuliwa kwamba aliomba watoto wawili wa mama mwenye nyumba alimopanga wacheze ngoma juu ya jeneza lake. Mvulana akakubali, dada yake akakataa. Sijui mtoto anayeweza kupita kando ya jiwe hilo bila kuuliza maswali matano.

Karne ya 19 ilikipa kilima umaarufu wa vitabuni. Jane Austen aliwapeleka wahusika wa riwaya yake Emma, iliyotoka mwishoni mwa 1815, kula chakula cha mchana Box Hill, na sura hiyo ni miongoni mwa zile ambazo wasomaji wake hawazisahau. Mwaka 1817 mshairi John Keats alikaa katika nyumba ya wageni iliyoko chini ya kilima, karibu na daraja la Burford, akamaliza shairi lake refu Endymion.

Lakini Austen aliandika habari za watu wenye magari ya farasi. Kilichowaleta watu wa kawaida ni treni. Reli ya kupitia bonde la Mole ilifunguliwa mwaka 1867, na kituo cha Westhumble kikawekwa chini kabisa ya kilima. Thomas Grissell, mmiliki wa Norbury Park wakati huo na mmoja wa makandarasi wakubwa wa London, aliruhusu reli ipite shambani mwake kwa masharti kwamba kituo kiwe na sura ya kupendeza na handaki lichimbwe ndani ya chaki bila mashimo ya hewa ya kumharibia mandhari. Matokeo yake ni kituo chenye paa la mapambo ambacho bado kinatumika. Miaka minne baadaye, 1871, bunge lilipitisha sheria ya sikukuu za benki, na wafanyakazi wa London wakapata siku za mapumziko zinazotambuliwa na sheria. Ukiwa na siku ya kupumzika na nauli ya treni, kilima hakikuwa mbali tena.

Treni hiyohiyo ilileta hatari. Kituo kilichomfikisha mtembezi kingeweza pia kumfikisha mnunuzi wa kiwanja, na ardhi ya Surrey ikaanza kukatwakatwa kwa ajili ya nyumba. Box Hill ilikuwa sehemu ya mali ya ukoo wa Hope wa Deepdene, ukoo ambao jina lake limebaki kwenye almasi maarufu ya buluu. Mrithi wake, Lord Francis Hope, alizama katika madeni, na mali ya ukoo ikawa ya kuuzwa. Kuruhusiwa kutembea kwa hisani ya mwenye shamba ni jambo zuri mpaka siku mwenye shamba anapofilisika.

Kwa bahati, chombo cha kupokea ardhi kama hii kilikuwa kimeshaundwa. National Trust ilianzishwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley. Hill alitumia maisha yake kusimamia nyumba za maskini London, na aliamini kwamba familia inayobanana katika chumba kimoja inahitaji hewa na nafasi kama inavyohitaji chakula. Hunter, mwanasheria, alikuwa amezipigania mahakamani ardhi za wanakijiji zilizokuwa zikinyakuliwa. Mwaka 1907 sheria ya bunge iliipa National Trust uwezo wa kutangaza ardhi isiyoweza kuuzwa kamwe. Naona hapo ndipo ulipo uzito wa zawadi ya Salomons: pauni 16,000 ziliinunua ardhi mara moja, sheria ya Hunter na wenzake ikaifunga isirudi sokoni. Baada ya vita, michango ya watu iliongeza mashamba ya jirani.

Chini ya kilima, watembezi huvuka mto Mole kwa kurukia mawe yaliyopangwa majini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ikihofia Wajerumani watavuka bahari, mawe ya kuvukia yaliondolewa ili yasimsaidie adui. Vita vilipokwisha, James Chuter Ede, mwalimu wa zamani mzaliwa wa Epsom ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alitoa fedha zake mwenyewe mawe yarudishwe. Septemba 1946 Waziri Mkuu Clement Attlee alikuja kuyafungua. Nchi ilikuwa na deni kubwa na chakula cha mgao, na bado waziri mkuu alipata muda wa kuja kufungua mawe ya kuvukia mto. Kwangu hilo ni tendo kubwa la uongozi.

Serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ufikiaji wa mashambani mwaka 1949. Nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya madai, likiwemo tukio la Aprili 1932 huko Kinder Scout, kaskazini, ambapo mamia ya vijana wafanyakazi waliingia makusudi kwenye mlima uliokatazwa na watano wao wakafungwa jela. Sheria ya 1949 iliamuru halmashauri za kaunti kuchora kwenye ramani kila njia ambayo wananchi wana haki ya kupita, hata kama inakatiza katikati ya ngano ya mtu. Uingereza na Wales leo zina kilomita 225,000 hivi za njia kama hizo. Mwaka 1978 ilifunguliwa North Downs Way, kilomita 246 kutoka Farnham hadi Dover, nayo hupita juu ya mawe ya Chuter Ede.

Nyasi za kilima nazo zina historia yake. Zilibaki fupi kwa sababu ya kondoo na sungura, na ufupi huo ndio unaoyapa nafasi maua madogo na vipepeo wa buluu wanaoyategemea. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi uliingia Uingereza ukafyeka sungura karibu wote. Malisho yalipokosa mlaji, vichaka vilipanda mteremko. Sasa walinzi wa Box Hill hukata vichaka na kuleta ng'ombe kulisha hapo.

Familia za Waswahili zinazoishi London zinaweza kufika kwa treni kutoka Waterloo au Victoria na kushuka Westhumble. Njia ya mawe ya kuvukia ni mzunguko wa kilomita 3 hivi, ila una ngazi nyingi na mwinuko mkali, na chaki ikilowa huteleza vibaya. Mtoto mdogo atahitaji mgongo wa mtu. Mto ukijaa, tumieni daraja la miguu lililo karibu. Baada ya mvua za kiangazi angalieni chini: huko kuna konokono wakubwa rangi ya maziwa, ambao inaaminika Warumi waliwaleta Uingereza kwa ajili ya kuliwa. Waacheni walipo, kwa maana tangu 2008 kuwachukua ni kosa kisheria.