Kilomita Tisa kwa Mwaka: Jinsi Dar es Salaam Ilivyokula Misitu Yake

Anayenunua mkaa kwa kisado haulizi umetoka wapi. Anatazama kama una vumbi jingi, anatazama kama kisado kimejaa, analipa. Lakini swali hilo la umetoka wapi ndilo lililozaa utafiti mmoja wa mwaka 2010 ambao, kwa maoni yangu, kila mkazi wa Dar es Salaam alistahili kusimuliwa.

Mzizi wake uko Ujerumani. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba huko Tellow, Mecklenburg, alichapisha kitabu alimowaza mji ulio peke yake katikati ya tambarare. Kila kitu cha kuulisha kinatoka wapi? Gharama ya usafiri ndiyo inayoamua, akajibu: mboga na maziwa jirani kabisa, kisha msitu wa kuni, kisha nafaka, mifugo mwisho. Mji ukazungukwa na pete.

Karibu karne mbili baadaye, Antje Ahrends na wenzake waliijaribu fikra hiyo kwenye misitu iliyo kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar es Salaam, wakilinganisha vipimo vya mwaka 1991 na vya 2005. Kazi ya namna hii setilaiti peke yake haiimalizi, kwa sababu msitu ulionyofolewa miti yake mikubwa ukiutazama kutoka angani bado ni kijani. Lazima mtu aingie ndani, ahesabu visiki, apime unene wa mashina yaliyobaki.

Walikuta mawimbi. La mbele ni la mbao za thamani: gogo la mvule au mkongo linalipa, kwa hiyo lori hulifuata hata mbali. Wimbi hilo lilisonga kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake likaja la tanuri la mkaa, kilomita 2 kwa mwaka, nalo halina makuu. Mti wowote uliosalia utawaka. Piga hesabu ya miaka ile 14: mbao zimesogea kilomita 126, mkaa 28. Msitu hukatwa mara mbili, kwanza kwa ajili ya kitanda na mlango, halafu kwa ajili ya chungu.

Karibu na mwisho wa kipindi hicho, mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Mto Rufiji. Watu wa Kusini walikuwa wamelisubiri kwa miaka mingi, wakihangaika na pantoni, na haki yao ya kuwa na barabara haina mjadala. Ila magogo nayo yalipata njia. Simon Milledge, mmoja wa waandishi wa utafiti ule, alishiriki pia kuandika ripoti ya mwaka 2007 kuhusu ukataji uliolipuka Kusini.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti walilipima, na ndilo linaloniuma zaidi. Kila ukiongeza kilomita moja kutoka mjini, kaboni iliyohifadhiwa msituni iliongezeka kwa tani 0.2 kwa hekta. Maana yake, kati ya misitu miwili iliyopishana kilomita 100, ule wa karibu na mji una upungufu wa tani 20 katika kila hekta. Aina za miti nazo zilipungua kwa mpangilio uleule. Hasara yenyewe ina umbo, na chenye umbo kinaweza kutabiriwa kabla hakijafika kijijini kwa mtu.

Na mji wenyewe unazidi kukua: sensa ya 2002 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao milioni 2.5, ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia badala ya kuni na mkaa ifikapo 2034. Ndani ya miaka hiyo 10, kwa mwendo uleule uliopimwa, wimbi la mkaa litakuwa limesogea kilomita nyingine 20.