Masaa 2,700 Hayakumwokoa John Denver

Kenya hii tunapenda country, na "Country Roads" ikiwekwa hata asiyejua Kiingereza anaimba. Lakini wengi hatujui vile John Denver alikufa. Wacha niwaambie, juu hii stori si ya Wazungu na ndege pekee.

Denver alikuwa rubani wa ukweli, zaidi ya masaa 2,700 hewani. Mwaka 1997 akanunua Long-EZ, kandege ka mbio kalikobuniwa na Burt Rutan, ambako mtu anaweza kujijengea nyumbani. Yake ilikuwa mtumba. Ilijengwa na mtu mwingine.

Sasa skia. Kwenye mchoro wa Rutan, koki ya kubadilisha tangi la mafuta iko kati ya miguu ya rubani. Aliyejenga hii akaihamisha nyuma ya bega la kushoto. Kuifikia lazima ugeuke mwili mzima, na ukigeuka hivyo ni rahisi mguu wa kulia ukanyage pedali, ndege ikakupotea.

Oktoba 12, fundi alimuuliza kama angetaka mafuta. Akakataa, ati anazunguka kama saa moja tu. Ndege ikaanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Alikuwa na miaka 53.

Wachunguzi wa NTSB waligawa lawama: yeye hakuongeza mafuta na akakanyaga pedali bila kujua, koki ilikuwa mahali pabaya na haikuwa na alama, na mafunzo yake kwa ndege hiyo yalikuwa kidogo.

Watu husema ndege za kujijengea ndizo mbaya. Mimi sikubali. Mwaka 2012 NTSB walitoa utafiti: zaidi ya nusu ya ajali za ndege hizi walizochunguza 2011 zilihusu zilizonunuliwa mitumba. Mwenye kujenga anajua kila waya. Mnunuzi anapewa funguo na kuambiwa safari njema. Na mwenye uzoefu huona aibu kuuliza maswali ya mwanafunzi.

Hapo ndipo inatugusa. Ukipewa nduthi ya beshte, uliza breki zinashika vipi, koki iko wapi, mafuta ni ngapi. Hauulizi juu haujui kuendesha. Unauliza juu hiyo haujawahi kuiendesha.