Majaji Tisa na Rais

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, alipoona sheria zake za kuinua uchumi zikibatilishwa na Mahakama ya Juu, alitaka, Februari 1937, kuongeza majaji hata sita, kwa hoja kwamba wakongwe waliopindukia miaka 70 wameelemewa na kazi. Nami naiita hila, tena isiyo ya hekima, kwani ilimchukiza hata Jaji Louis Brandeis, mpenda mageuzi wa miaka 80. Jaji Mkuu Charles Evans Hughes akaandika waraka kuthibitisha kwamba kesi hazikulimbikana. Machi mwaka ule ule Jaji Owen Roberts akahamia upande wa waliokubali sheria za namna hiyo, ikahukumiwa, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa sheria ya ujira wa chini kwa wanawake ni halali. Watu wakanena ameingiwa na hofu, ilhali kura yake aliitoa faraghani Desemba iliyotangulia, kabla Rais hajatangaza azma yake.